Honi ya Bibi Noreen

Cork, Ayalandi
Jumatatu, 2 Aprili 2018

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila sijakauka tangu Februari, maana mvua ya huku haina adabu wala ratiba. Pasaka ilinikuta zamuni hospitalini. Tulipewa nyama ya mwanakondoo ambayo Bibi angeizika kwa heshima bila kuionja. Wauguzi wenzangu wanakusalimu. Nimewasimulia habari zako mpaka wanalijua jina la mbwa. Moss hajambo? Bado anamfokea mtu wa posta? Na Baba huko migodini, amekupigia siku hizi, au bado anasubiri wewe ujifunze kushika simu bila kuiogopa kama nyoka?

Babu, sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi ijayo ile nyingine msimu wa mpira unaanza huko nyumbani Birrawee. Tangu nihamie huku, Bibi aliniandikia baada ya kila mechi ya nyumbani. Nani kafunga, nani kaanguka matopeni, nani kanenepa wakati wa kiangazi, keki ya nani imebaki kantini bila mnunuzi. Tangu tulipomzika Januari sina wa kuniandikia. Naomba kazi hiyo uichukue wewe. Najua utasema si mtu wa kalamu. Hata Bibi hakuwa mtu wa kalamu, alikuwa mtu wa kukata machungwa ya wachezaji.

Halafu kuna ile nafasi yetu ya gari uzioni mwa uwanja, tunapotazamia mechi tukiwa ndani. Sheria unaijua kuliko mimi: asiyeegesha gari lake hata mara moja msimu mzima, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata. Yetu ni nyuma ya goli la kaskazini, na Merv Dackett anaitamani tangu mimi nanyonya. Utakwenda, Babu? Siulizi kwa ubaya. Najua kiti cha abiria kitakuwa kitupu. Najua pia ni mkono wa nani uliokuwa ukipita mbele ya kifua chako kupiga honi kila tulipofunga. Lakini naogopa ukikaa nyumbani msimu mmoja, utakaa yote iliyobaki. Basi, nimesema.

Mjukuu wako,
Tahlia

*

Birrawee
Jumapili, 15 Aprili 2018

Mjukuu wangu Tahlia,

Marahaba. Barua yako imefika juzi ikiwa na alama za meno, maana Moss bado anamfokea mtu wa posta, na siku hizi mtu wa posta naye anamfokea Moss, kwa hiyo wamepatana. Mimi sijambo. Mvua yenu tunaiomba huku, wakulima wanatazama juu na kuilaumu serikali. Baba yako alipiga, tukaulizana hali ya hewa, tukaagana. Nimejifunza kupika supu. Supu yenyewe bado haijajifunza.

Umeniomba habari za mechi, haya. Tulifunga magoli kumi na moja, wageni tisa. Wachezaji wetu walikimbia sana. Mpira ulipigwa juu, ukashuka, ukapigwa tena. Baada ya mapumziko upepo uligeuka ukawa unavuma kutoka uwanjani, na mambo yakawa bayana zaidi. Pai za nyama zilikuwa za moto, kama kawaida ya pai.

Kuhusu nafasi usijisumbue. Nafasi iko palepale. Haina miguu.

Kula vizuri, na ukiweza nitumie soksi za sufu za huko.

Babu yako,
Alwyn Kessell

*

Cork
Jumapili, 6 Mei 2018

Babu mpendwa,

Shikamoo tena. Soksi zimo ndani ya kifurushi hiki, usimpe Moss. Mimi nimejiunga na timu ya wanawake hapa, tunacheza mpira wao wa Kiayalandi. Unashikwa kwa mikono na unapigwa kwa mguu kama wetu, ila ni wa duara, si wa umbo la yai kama wetu. Wiki ya kwanza nilikuwa nautazama ukidunda palepale unapotarajia, nikajiona nimedanganywa. Wananiita "yule wa kangaruu", na mazoezini nimeshamwangusha mwalimu mmoja wa shule na mke wa mchungaji.

Babu wangu, asante kwa barua. Lakini ile si habari ya mechi, ile ni taarifa ya polisi. "Mpira ulipigwa juu, ukashuka." Ulitaka ubaki huko juu? Bibi angenipa watu. Nani alifunga? Hamish Tully yukoje mwaka huu, bado anatapika kabla ya mechi? Merv Dackett alikusalimia au alikununia? Nasikia amenunua gari jipya, na rangi yake inasemwa mji mzima. Hebu niambie, ni rangi gani?

Jacinta wa timu ya netiboli ya huko Birrawee anakusalimu. Anasema hajakuona kitambo.

Tahlia

*

Birrawee
Jumapili, 27 Mei 2018

Mjukuu wangu,

Marahaba. Soksi nimezivaa, asante, miguu yangu sasa inaishi Ulaya. Supu imeanza kuelewa. Mama Pruett wa kantini aliacha keki mlangoni, nzuri ila kavu kidogo, tukasaidiana mimi na Moss.

Umetaka watu, basi chukua watu. Hamish Tully kapungua sana mwaka huu, kawa mwembamba, anaruka kama kangaruu aliyechomwa mwiba. Kafunga mengi tu. Kocha alikuwa amesimama, halafu akakaa. Gari la Merv ni la rangi ya kawaida. Jacinta mwambie mimi nipo, yeye ndiye haangalii.

Merv mwenyewe alikuja hapa Alhamisi, akagonga mlango kwa muda mrefu. Najua anachotaka mtu yule. Kaona Noreen hayupo, anadhani nafasi itatoka kama nguo ya mnada. Nilizima redio nikakaa kimya jikoni mpaka akaondoka. Alipayuka mlangoni, "Alwyn, Jumamosi uje, kuna jambo." Jambo lake nalijua.

Sasa ngoja nikupe utamu. Jana tuliwakaribisha Orrin, wale wenye majivuno. Tahlia, sijawahi kusikia kitu kama kile. Mechi imeanza tu, honi zetu zikalia zote kwa pamoja, uzio mzima, gari moja halikubaki, na hazikukoma. Zililia mpaka Moss akakimbilia chini ya kitanda. Hata wageni wa upande wa kusini wakapiga, nadhani kwa adabu tu. Goli kubwa sana lile. Sijui kuna nini kwenye goli la mwanzo mpaka watu washangilie hivyo, lakini lilikuwa goli la maana. Baadaye nilichoka kidogo sikufuatilia sana, ila timu inayoanza namna ile haishindwi.

Bibi yako angefurahi. Honi yetu ingekuwa ya mwisho kunyamaza, unamjua.

Babu yako,
Alwyn

*

Cork
Jumanne, 12 Juni 2018

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, na leo sitaanza na mvua.

Gari la Merv ni la zambarau, zambarau kama bilinganya. Mtu aliyeketi uzioni karibu naye asingeweza kusema ni rangi ya kawaida. Na Moss hakukimbilia chini ya kitanda kutoka uwanjani, maana uwanjani hakuna vitanda.

Nimejua tangu Aprili, Babu. Jacinta aliniambia siku ileile ya mechi ya kwanza kwamba nafasi yetu ilikuwa wazi. Nikasema labda wiki ijayo. Kisha ikaja barua yako, hesabu ya magoli sahihi kabisa, nami nikaelewa: unakaa jikoni, dirisha wazi, unahesabu honi. Zikilia nzito ni zetu, zikilia nyembamba kutoka kusini ni za wageni. Nilicheka peke yangu basini mpaka mtu akahama kiti. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ukijua kwamba najua utaacha kuandika, nami barua zako nazipenda hata zikiwa za polisi. Ndiyo maana nikakutega na rangi ya gari, nikatumaini utatoka kwenda kuitazama.

Lakini hili siwezi kunyamaza nalo. Jumamosi ile hatukushinda. Orrin walitupiga kwa pointi themanini, zaidi ya magoli kumi na matatu. Na zile honi hazikuwa za goli. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa mwamuzi, hajaudundisha chini kuanzisha mechi.

Zilikuwa za Bibi.

Jacinta kanieleza kila kitu. Timu zote mbili zilisimama katikati ya uwanja zimeshikana mabega. Akina mama wa kantini walitoka na aproni zao, Mama Pruett akiwa na sahani ya machungwa yaliyokatwa robo robo kama alivyokuwa akiyakata Bibi, akaiweka chini kwenye duara la katikati. Klabu ilitaka dakika moja ya ukimya. Merv Dackett ndiye aliyekataa. Alisimama kwenye mkutano akasema, "Ukimya? Kwa Noreen Kessell? Huko aliko atatucheka. Mpigieni honi." Wakapiga dakika nzima. Na Orrin hawakupiga kwa adabu, walipiga kwa sababu miaka yote walikula machungwa yake vilevile.

Merv hakuja mlangoni kwako kutaka nafasi. Alikuja kukuita. Jacinta anasema kila mechi ya nyumbani anafika mapema, anaegesha bilinganya lake pembeni, halafu anapanga viti viwili vya kukunja kwenye nafasi yetu ili asiingie mgeni. Amekwisha gombana na mtu na trela yake. Honi zilipolia, watu wote walikuwa wanatazama vile viti viwili.

Nimelia, na nimekukasirikia, na nakupenda. Yote matatu. Mechi ya mwisho ya nyumbani ni tarehe kumi na moja Agosti. Usipoegesha siku hiyo, sheria ni sheria, hata Merv hawezi kuizuia.

Tahlia

*

Cork
Jumapili, 22 Julai 2018

Babu,

Shikamoo. Hakuna barua. Nilijipa moyo kwamba Moss amemla mtu wa posta, lakini Jacinta anasema mtu wa posta yuko salama. Anasema pia moshi unatoka kwenye bomba lako na umeonekana dukani ukinunua maziwa, ukatoka kabla mtu hajakusemesha. Kwa hiyo u mzima na umeninunia.

Nuna tu, ni haki yako. Mimi jana nilifunga, goli langu la kwanza huku Ayalandi. Watu wakapiga makofi vizuri tu, kistaarabu. Nikajikuta nimesimama nasubiri honi.

Labda nilikosea kukwambia kwa barua. Sijui ningekwambiaje vinginevyo, simu huwezi kuishika. Andika neno moja tu, hata la matusi.

Tahlia

*

Birrawee
Jumapili, 12 Agosti 2018

Mjukuu wangu Tahlia,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Hongera kwa goli. Moss mzima. Supu imefika mahali pa kuliwa na wageni, na nimempa Merv bakuli, amemaliza, kwa hiyo ama ni nzuri ama mtu yule kweli ana moyo.

Sikukununia wewe. Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama jikoni, kwenye dirisha lilelile, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utoto. Mke wangu anapigiwa honi na mji mzima, na watu wa Orrin pia, nami niko ndani na kikombe nasema goli kubwa sana lile. Kila nikishika kalamu niliona sentensi ile. Wiki zikapita. Nilikuwa naogopa kwenda zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilijua wananingoja.

Jana asubuhi nikavaa soksi zako, nikatoka. Pikapu haikuwaka. Betri imekufa tangu Januari, hata kukohoa haikuweza. Nilikaa ndani nikasema basi, Mungu amesema. Naye Mungu akamtuma Merv Dackett. Alikuja na bilinganya lake, anasema alikuwa anapita tu, na barabara yangu haiendi popote.

"Betri?" akauliza.

"Betri."

"Mtu mzima, unaacha gari miezi yote bila kuliwasha. Noreen angekupiga na beseni."

"Umekuja kusaidia au kutukana?"

"Naweza yote mawili," akasema, akatoa nyaya za kuunganisha betri.

Alipomaliza hakuondoka. Aliniangalia mpaka nikawasha, akanifuata nyuma kama polisi wa trafiki. Uwanjani akashuka mbio akatoa viti vyake viwili kwenye nafasi yetu, nami nikaingiza pua ya gari mpaka uzioni. Mama Pruett alileta pai kupitia dirishani, akanishika bega, akarudi kantini. Moss nilimweka kiti cha abiria, lakini mara ya kwanza honi zilipolia alishuka chini akajibanza na hakupanda tena. Kwa hiyo kiti kilikuwa kitupu vilevile.

Mechi ilikuwa ya kuhuzunisha. Wageni walitoka Yallan na walitufunga walivyotaka. Kila tulipofunga, yaani mara mbili tu kabla ya robo ya mwisho, magari yote yalipiga, letu likakaa kimya. Mara ya pili Merv akaja dirishani.

"Alwyn. Honi."

"Ile kazi ya Noreen."

"Najua kazi ya nani. Nani yupo zamu?"

Tahlia, miaka yote ile sikuwahi kuigusa. Nilikuwa na usukani mbele yangu, na mkono wake ulikuwa unafika kwanza, hata akiwa na kikombe cha chai, chai ikanimwagikia, na hakuomba radhi hata siku moja.

Robo ya mwisho, tumebaki nyuma kwa pointi sijui ngapi, Hamish Tully akaudaka mpira mbele yetu kabisa. Niliona matope kwenye masikio yake. Akarudi nyuma, akapiga, ukapita katikati ya nguzo ndefu, ukaruka uzio, ukagonga boneti yangu. Nikapiga honi. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ikakwama.

Nimeondoa mkono, honi inaendelea. Nimegonga usukani, inaendelea. Magari mengine yalikuwa yameshanyamaza, letu tu linalia, na lina sauti mbaya kama ng'ombe mgonjwa, sikujua. Wachezaji wamegeuka. Mwamuzi akaja mpaka uzioni na mpira kwapani.

"Mzee, umemaliza?"

"Uliza gari."

Hapo ndipo niliposikia bilinganya limeanza. Merv alidhani nimeamua. Alidhani nampigia Noreen dakika yake niliyoikosa. Kisha gari la Pruett likaanza, kisha la kocha, likafuata na lile la pembeni yake, uzio wote, mpaka kusini kwa watu wa Yallan wasiojua hata kuna nini. Mwamuzi akatazama huku na huku, akavua kofia, akaishika.

Nami nikaacha kugonga. Nikakaa. Dakika ile niliisikia ya kwake, siyo ya goli, na niliisikia nikiwa ndani yake na siyo jikoni. Nililia, nakwambia wazi, mbele ya watu, na pai mapajani.

Honi yetu bado ilikuwa inalia wenzake waliponyamaza. Nikawaza, ataizimaje mtu? Ndipo nikakumbuka. Kila goli, akishapiga honi, Bibi yako alikuwa anapiga kofi chini ya usukani, pale kwenye kona, paa. Miaka yote nilidhani ni furaha. Nikapiga kofi palepale, ikanyamaza.

Alikuwa anajua inakwama, Tahlia. Hakuniambia, kwa sababu angeniambia ningeitengeneza.

Tumefungwa kwa pointi sabini. Nafasi ni yetu. Merv ameniuliza kama honi nitaipeleka kwa fundi, nikamwambia ashike adabu yake.

Na ile barua yangu ya Mei irekebishe. Hamish Tully hajapungua hata kidogo. Kanenepa, tena sana, na anatapika kama zamani. Nimemwona kwa macho yangu.

Babu yako,
Alwyn